Vyombo ni vya Nani? Bendi za Kongo Njiani

Mwezi uliopita pale kituo cha vijana tulikuwa tunahesabu vyombo vya muziki. Magitaa mawili, besi moja, kinanda kimoja, drams ambazo ngozi moja imechanika, amplifaya mbili, maiki tatu. Kila kimoja kina namba ya rangi nyeupe. Mradi umeisha, na shirika lililovileta limetuma karatasi: kila chenye namba kirudi stoo kabla ya mwisho wa mwezi. Vijana wa bendi, kumi na mmoja, walisimama mlangoni wananiangalia kama vile mimi ndiye niliyeiandika ile karatasi.

"Dada, sasa tutakuwa bendi ya nini?" mpiga besi akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Simu ya mmoja wao ilikuwa inapiga Kasongo, ule wimbo wa Super Mazembe wa miaka ya 1970 ambao siku hizi umerudi kwenye simu za vijana kila mahali. Pembeni alikaa mzee mmoja wa Uvira ambaye huja kituoni kutazama mpira. Akacheka kidogo, akasema, "Hata siye, vyombo havikukuwaka vyetu."

Miaka mitatu nilimjua yule mzee kama mtu wa mpira tu. Kumbe ujanani alikuwa mbeba vyombo wa bendi. Nilikaa naye jioni nne, nikaandika. Hakutaka jina lake litokee wala jina la bendi yake, nami namheshimu. Yale mengine nimeyasoma mwenyewe pale bando liliporuhusu. Shuleni tulisoma historia ya vita na mikataba, tena tukaikariri vizuri. Historia ya watu waliovuka mipaka hii hii wakiwa wamebeba magitaa hatukufundishwa.

Njia ileile

Familia nyingi humu kambini zilivuka ziwa mwaka 1996 na baada ya hapo, zikikimbia vita. Kwa hiyo sisi watoto tumekua tukidhani kwamba Mkongo akivuka mpaka, anakimbia. Lakini miaka ishirini na zaidi kabla ya vita vyetu njia hiyo ilikuwa na Wakongo wengine, na walikuwa wanaenda kazini.

Wale wa Super Mazembe walianza mwaka 1967 huko Katanga wakiitwa Super Vox. Wakahamia Zambia, wakapiga huko, na mwaka 1974 wakafika Nairobi. Hapo ndipo walipochukua jina la Mazembe, yaani yale mashine makubwa ya kuchimbua ardhi. Maquis du Zaïre nao walitoka Katanga, wakapita Uganda, wakaingia Dar es Salaam mapema miaka ya 1970. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, kule karibu na bahari, alivuka nchi nzima. Alipiga Kampala na kundi la Les Kinois, akaendelea Nairobi mwaka 1977, na mwaka 1981 akaunda Orchestra Virunga. Jina hilo ni la milima ya volkano ya Kivu ambayo baadhi yetu tuliiona kwa macho tukiwa watoto. Remmy Ongala alizaliwa upande wa Kindu mwaka 1947. Alifiwa na wazazi akiwa bado mdogo, akalea wadogo zake kwa gitaa, akapiga Kongo na Uganda. Mwaka 1978 mjomba wake, Mzee Makassy, akamwita Dar es Salaam aje kwenye bendi yake, Orchestra Makassy.

Kwa nini walikuja huku na hawakwenda Kinshasa, mji mkuu wa muziki? Ukiangalia ramani utaelewa. Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500, na huko bendi zilikuwa zimejaa tayari, kila mtaa na yake. Lusaka, Kampala na Dar ziko karibu zaidi. Huku Kiswahili chao kilieleweka, na hata walipoimba Kilingala watu walicheza tu. Nairobi ilikuwa na studio na kiwanda cha kutengeneza santuri, kitu ambacho Tanzania haikuwa nacho. Halafu kulikuwa na njaa ya kawaida. Mwaka 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zipewe Wazaire, nyingi zikaharibika, na muda si mrefu bei ya shaba ikaanguka. Kule ambako mshahara wa mgodi ndio ulilipa kiingilio cha dansi, mgodi ukikohoa bendi inaugua.

Mshahara au mlango

Ili uelewe maisha ya njiani, lazima ujue kwamba Tanzania ya wakati ule ilikuwa na aina mbili za bendi.

Aina ya kwanza zilikuwa bendi za taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Polisi walikuwa na yao, jeshi na yao. Huko mwanamuziki alikuwa mfanyakazi. Vyombo vya ofisi, gari la ofisi, mshahara mwisho wa mwezi. Mvua ikinyesha na ukumbi ukabaki mtupu, mshahara unatoka tu.

Aina ya pili zilikuwa bendi za watu binafsi, na bendi za wageni wengi zilikuwa huku. Hizi ziliishi kwa mlango. Watu wakiingia, mnakula. Wasipoingia, mnaangaliana. Redio ilitoa jina: ukirekodi pale Radio Tanzania Dar es Salaam, nchi nzima inakusikia. Lakini malipo ya redio yalikuwa madogo, na mkanda ulibaki wa redio. Pesa yenyewe ilikuwa huko mikoani kwa wale waliokusikia. Ndiyo maana bendi ilifunga mizigo na kwenda kuwafuata.

Na haikufuata watu ovyo ovyo. Ilifuata mazao. Pamba ikilipwa, bendi ziko Mwanza na Shinyanga. Korosho ikilipwa, ziko kusini. Tumbaku ikilipwa, ziko Tabora na Urambo. Mzee wetu anasema kiongozi mzuri wa bendi alijua kalenda ya ushirika kuliko kalenda ya kanisa.

Nilimuuliza siku moja ya njiani ilikuwaje. Akahesabu kwa vidole. Asubuhi mnashuka, mnatafuta nyumba ya wageni ya bei ndogo, watu watatu kitanda kimoja. Mbeba vyombo halali kitandani, analala kwenye vyombo. "Miye nililalaka juu ya bafle," alisema, akinionyesha jinsi alivyojikunja juu ya spika. Mchana mnakodi gari au mkokoteni, mtu mmoja anashika kipaza sauti, mnazunguka mji mzima mkitangaza. Jioni mnatafuta jenereta kama mji hauna umeme, na mafuta ya jenereta mnakopa. Usiku mnapiga mpaka alfajiri, kwa sababu watu waliotembea kutoka vijijini hawawezi kurudi gizani. Waya wa gitaa ukikatika, mnaweka waya wa breki ya baiskeli. Vidole vinatoka damu lakini sauti inatoka pia. Halafu mnahesabu pesa: kwanza ukumbi, pili mafuta, tatu nyumba ya wageni, nne mwenye vyombo. Kinachobaki ndicho cha wanamuziki.

"Na cha mbeba vyombo?" nikamuuliza.

"Sikiya, mama. Siye tulikulaka tu."

Hiyo ilikuwa miaka ambayo kila kitu kilikuwa kigumu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 Tanzania ilikuwa na uhaba wa mafuta, vipuri, sabuni, hata nguo. Kulikuwa na wakati magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena 1983. Fikiria wewe ni mwanamuziki Tabora au Dar, santuri zinatengenezwa Nairobi, na katikati kuna mpaka uliofungwa.

Usiku wa Urambo

Mwaka 1982 bendi ya mzee, watu tisa, ilivuka ziwa kutoka Uvira mpaka Kigoma. Pale walipata mfanyabiashara mwenye seti nzima ya vyombo. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: yeye analeta vyombo na nauli, wao wanaleta muziki, mlango unagawanywa. Wakapanda treni ya Reli ya Kati, ile iliyofika Kigoma tangu mwaka 1914. Wakapiga Uvinza, ikawa nzuri. Wakapiga Kaliua, ikawa nzuri zaidi. Wakafika Urambo wakiwa na viatu vipya.

Urambo wakulima walikuwa wamekwisha kupeleka tumbaku, lakini pesa ilikuwa haijafika. Wiki mbili zaidi, waliambiwa. Bendi ikapiga usiku wa kwanza, wakaingia watu wachache. Usiku wa pili wachache zaidi. Usiku wa tatu watu walikaa nje ya ukuta na kusikiliza bure, maana muziki hauzuiliwi na ukuta. Deni la nyumba ya wageni likapanda.

Alfajiri ya siku ya nne mwenye vyombo alimwamsha mbeba vyombo peke yake. Akamwambia pakia, tunatangulia Tabora, wenzako watafuata na treni ya kesho. Mzee wetu, kijana wa miaka kumi na tisa wakati huo, akapakia. Amplifaya, magitaa, drams, tumba, kila kitu. Alipogeuka kuchukua koti lake, treni ikaanza kutembea. Mwenye vyombo alikuwa dirishani, na hakumwangalia.

"Ni mimi nilivipandisha," aliniambia. Alirudia mara mbili. Zimepita zaidi ya miaka arobaini.

Mwenye nyumba ya wageni alishika masanduku yao. Wanamuziki wanane na mbeba vyombo mmoja wakaenda kufunga tumbaku kwa mkulima mmoja, wiki tano, mpaka deni likaisha. Wawili wakaendelea Dar, mmoja Mwanza, wengine wakarudi ziwani. Mzee alipofika Kigoma alisikia gari la matangazo likipita sokoni. Lilitangaza bendi yao, kwa jina lao lilelile. Wapigaji walikuwa wengine kabisa. Jina nalo lilikuwa limepanda treni pamoja na vyombo.

Njia tatu

Baada ya kusikia hayo niliangalia tena zile bendi kubwa, nikiwa na swali moja: vyombo vilikuwa vya nani, na karatasi zilikuwa mkononi mwa nani?

Remmy Ongala alipotoka kwa Makassy aliingia Matimila. Vyombo vya Matimila vilikuwa vya mfanyabiashara. Remmy aliingia kama mpigaji kwenye nyumba ya mtu. Alichokuwa nacho mwenyewe ni sauti na maneno: umaskini, kifo, yatima, mambo ambayo watu wa mtaani waliyasikia kama yao. Bendi ikawa Super Matimila. Kaseti yake ilibebwa na rafiki mpaka Uingereza, na mwaka 1988 bendi ikaenda Ulaya na tamasha la WOMAD. Mwaka 1989 ikatoka Songs for the Poor Man, kwa lebo ya Real World. Alipofariki Desemba 2010, Dar es Salaam ilikuwa na kituo cha daladala kinachoitwa kwa jina lake, pale Sinza. Lakini Remmy alikuwa mmoja. Hatuwezi kuwaambia vijana kumi na mmoja kwamba mpango wetu ni wao kuwa Remmy.

Maquis walichukua njia nyingine. Waliunda kampuni yao wenyewe, OMACO, Orchestra Maquis Company. Wanamuziki ndio waliokuwa kampuni. Walikuwa na shamba, ili kusiwe na jambo moja tu linalolisha watu. Kwa bendi ya wageni, kwenye nchi yenye uhaba wa kila kitu, hilo ni jambo kubwa. Wapigaji walikuja na wakaondoka, wengine walifariki, na jina la Maquis likaendelea Dar kwa miaka mingi. Ninaamini lile shamba lilisaidia kama magitaa yalivyosaidia.

Njia ya tatu inahusu karatasi. Super Mazembe walipata Nairobi walichokitafuta: studio, santuri, kumbi. Mwaka 1983 Virgin ya Uingereza ilitoa albamu yao, Kaivaska. Orchestra Makassy nao walikwenda Nairobi mwaka 1982, na Virgin hiyo hiyo ikatoa Agwaya. Ungesema wamefika. Lakini katikati ya miaka ya 1980 vibali vya kazi kwa wanamuziki wa kigeni vikawa vigumu Kenya, na bendi za Wazaire zikaanza kuchanika. Nyimbo zilibaki zinauzwa, watu waliozipiga wakatawanyika. Vijana wetu wanacheza Kasongo leo bila kujua kwamba wale watu, pamoja na umaarufu wote ule, walikuwa wanahesabu siku za kibali kama sisi.

Sisi je

Sasa nirudi kambini, maana sikuandika haya kwa ajili ya marehemu tu.

Mwaka jana shule moja ya mjini iliwaalika vijana wetu wakapige kwenye mahafali. Tuliomba kibali cha kutoka wiki tatu kabla, majina yote, picha zote. Kibali kilikuja, siwezi kusema hakikuja. Kilikuja Jumatatu. Mahafali yalikuwa Jumamosi. Wale vijana walikuwa wamefanya mazoezi miezi miwili, mmoja alikuwa ameazima suruali. Nilipomsimulia mzee, alisema tu, "Treni imetembea."

Kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili, sisemi kwamba mlifanya vibaya kuleta vyombo. Kabla ya hapo tulikuwa tunapiga ndoo. Ninalosema ni kwamba kwenye karatasi ya mradi, siku ya kwanza kabisa, pawe na mstari unaojibu: mradi ukiisha, vyombo hivi ni vya nani? Najua kuna sheria za mali na wakaguzi wa hesabu. Basi uwekwe mpango wa vijana kununua kidogo kidogo, au vyombo viwe vya kikundi kilichoandikishwa, chenye daftari na viongozi wawili wa kusaini. Mwenye vyombo wa Kigoma alikuwa mwizi, ninyi si wezi. Lakini kwa mpiga besi aliyesimama mlangoni, vyombo vikiondoka vimeondoka.

Na kwa wanakambi wenzangu: tusisubiri. Vijana wameanzisha sanduku. Kila Jumamosi kila mmoja anaweka shilingi mia mbili au anachoweza. Wawili wanalima bustani ya mchicha nyuma ya kituo, na pesa ya mchicha inaingia humo. Nilipowaambia kwamba Maquis nao walikuwa na shamba, walifurahi kuliko nilivyotegemea.

Siku ya kurudisha vyombo mzee alikuja mapema, akakaa kwenye benchi lake. Alitazama vijana wakifuta vumbi kwenye magitaa, kisha akauliza zile nyuzi alinunua nani. Vijana wakasema ni wao, walichanga, za zamani zilikatika zote.

"Sasa namba iko wapi?" akauliza. "Iko ku gitaa. Ku nyuzi hakuna namba."

Mtunza stoo alifikiri kidogo, akaangalia karatasi yake, akasema ni kweli, hapa nyuzi hazimo. Basi vijana wakazifungua moja moja, polepole, wakazikunja. Magitaa yakaenda stoo bila nyuzi, nami nikasaini.

Nyuzi ziko kwangu, kwenye kopo la maziwa. Kuna seremala mmoja humu kambini anasema anaweza kutengeneza gitaa la mbao akipewa misumari, gundi na mwezi mmoja. Misumari tunayo. Gundi tunatafuta, mwenye nayo aje kituoni jioni yoyote, aniulize mimi au amuulize yule mzee wa mpira.